Mama Mwenye Taa na Maumivu Yake ya Miaka Mingi



Sisi tuliopita vyuo vya ualimu tumesimulia habari za Florence Nightingale mbele ya watoto mara nyingi. Tulichora taa ubaoni, tukaeleza jinsi alivyozunguka usiku kati ya vitanda vya askari waliojeruhiwa, kengele ikalia, na hadithi ikaishia hapo. Mtoto aliyeuliza kilichompata baadaye alijibiwa kwamba alirudi kwao Uingereza akazeeka. Sasa tumestaafu, na mgongo na magoti yameanza kutudai deni la miaka ya kusimama mbele ya ubao. Ndipo tulipotambua kwamba siku zote tulikuwa tukiikata hadithi katikati. Kazi yake vitani ilichukua muda usiofika miaka 2. Maumivu aliyorudi nayo alikaa nayo zaidi ya miaka 20. Sehemu hiyo ndiyo tunayotaka kuisimulia mwezi huu, kwa sababu katika kanisa letu wako wengi wanaoamka na maumivu na kulala na maumivu, na wengine hawamwambii mtu.

Florence alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence huko Italia, akapewa jina la mji huo. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri waliokuwa safarini. Baba yake alimfundisha mwenyewe lugha, historia na hesabu, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wasichana wa siku zile. Mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 16, alisadiki kwamba Mungu amemwita kwenye utumishi. Hakujua bado ni utumishi gani. Alipotambua kwamba ni kuuguza wagonjwa, jamaa zake walikataa katakata, maana kazi hiyo ilidharauliwa sana na ilihesabiwa kuwa ya watu wasio na heshima. Alingoja miaka mingi. Alikataa kuolewa. Mwaka 1851 alikwenda Kaiserswerth, Ujerumani, akakaa kwa muda wa miezi mitatu hivi na mashemasi wanawake wa Kiprotestanti, akajifunza kwao kazi ya hospitali. Mwaka 1853 alipewa usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake mjini London.

Mwaka uliofuata Uingereza ilikuwa vitani huko Krimea. Habari zilifika kwamba askari wanakufa ovyo katika hospitali ya Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul. Waziri Sidney Herbert, aliyekuwa rafiki yake, alimwomba aende. Aliondoka Oktoba 1854 pamoja na wanawake 38, wakafika mwanzoni mwa Novemba. Walikuta uchafu, panya, mitaro iliyoziba, na wagonjwa waliolala sakafuni. Walioua askari wengi kuliko risasi walikuwa kipindupindu, kuhara damu na homa. Bibi huyu alipanga jiko, kufua nguo, mashuka na chakula. Mwaka 1855 tume iliyotumwa kutoka Uingereza ilisafisha mitaro na kufungua madirisha, na vifo vikapungua sana. Somo hilo la hewa safi na maji safi hakulisahau maisha yake yote.

Mwezi wa Mei 1855 alivuka kwenda Balaklava kukagua hospitali za huko, akashikwa na homa kali. Kwa siku kadhaa ilidhaniwa atakufa. Alipona, akakataa kurudi nyumbani, akaendelea na kazi mpaka vita vilipokwisha. Alirejea Uingereza Agosti 1856, kimya kimya, akikwepa sherehe alizoandaliwa.

Hapo ndipo sisi walimu tulipofunga kitabu. Basi na tukifungue tena.

Mwaka 1857, akiwa na miaka 37, alianguka. Homa ilikuwa ikija na kwenda. Moyo ulimwenda mbio, pumzi ilimpungukia, chakula hakikupita. Alikwenda Malvern, mahali palipokuwa na sifa ya kutibu kwa maji baridi, akapata nafuu kidogo, lakini ugonjwa haukuondoka. Mwishoni mwa mwaka 1861 alipatwa na shambulio baya kuliko yote. Uti wa mgongo ulimuuma mno hata hakuweza kutembea, na kwa miaka kadhaa ilikuwa lazima abebwe kutoka chumba hadi chumba.

Madaktari walimwangalia, wakamwambia ni moyo, au ni mishipa ya fahamu, au ni uchovu. Hawakuona jeraha lolote. Watu wakaanza kunong'ona, na hata baada ya kufa kwake wako waandishi waliosema kwamba alijifanya mgonjwa ili asisumbuliwe na jamaa zake. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka 1995 mtafiti mmoja aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba dalili zote hizo zinafanana na ugonjwa uitwao bruselosi, unaoweza kukaa mwilini kwa muda mrefu, kurudisha homa na kuuma uti wa mgongo. Wengi wameyaona maelezo hayo kuwa ya kuaminika. Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Wafugaji wanaujua kwa ng'ombe na mbuzi wanaotupa mimba, na binadamu huupata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kwa kumshika mnyama mgonjwa anapozaa. Lakini vijidudu vyake viligunduliwa mwaka 1887 tu, katika kisiwa cha Malta, na daktari David Bruce, yule yule ambaye mwaka 1903 alikuja Uganda kuchunguza ugonjwa wa malale. Kwamba maziwa ya mbuzi ndiyo yanayouleta kulijulikana mwaka 1905, wakati Bibi Nightingale alikuwa na miaka 85. Kwa hiyo yaelekea aliumwa ugonjwa wa kweli ambao wenye elimu wa wakati wake hawakuujua sawasawa. Hilo pekee latosha kutufundisha tusimwite mtu mvivu au mwongo kwa kuwa kipimo hakikuonyesha kitu.

Sasa, alifanya nini na maumivu hayo?

Katika Uingereza ya siku zile dawa ya maumivu ilikuwa afyuni. Iliuzwa madukani kama sukari na chumvi, ikachanganywa na pombe, na hata akina mama waliwapa watoto wachanga ili wanyamaze. Mpaka mwaka 1868 ndipo sheria ilipoanza kuibana biashara hiyo. Tena mwaka 1853 ilikuwa imepatikana sindano ya kupitisha dawa chini ya ngozi, na madaktari wengi waliamini kwamba afyuni ikiingia kwa sindano haimfanyi mtu kuwa mtumwa wake. Walikosea vibaya.

Bibi Nightingale naye alichomwa sindano hiyo katika miaka ya 1860, maumivu ya mgongo yalipomzidi. Hakuona haya kuipokea, wala hakusema kwamba Mkristo wa kweli avumilie tu. Alimwandikia rafiki yake kwamba ilimpa nafuu ya siku nzima, wakati mambo mengine yote yalikuwa yameshindwa. Lakini katika barua hiyo hiyo alitia neno la pili: kwamba haikumwongezea uchangamfu wala utulivu wa akili. Mtu huyu aliishi kwa akili yake. Mezani pake kulikuwa na taarifa za afya ya jeshi, hesabu za vifo, na mipango ya hospitali. Dawa iliyompa mwili nafuu ilitaka kumtoza akili kama malipo. Aliipima kwa pande zote mbili, kama mtu apimaye nafaka sokoni: inanipa nini, nayo inaniondolea nini? Swali hilo ndilo tunalowaomba wasomaji wetu walishike.

Pamoja na tiba za madaktari, alitengeneza maisha yake yawe na nafasi ya maumivu na nafasi ya kazi pia. Tutataja mambo machache.

La kwanza, alipangilia nguvu zake. Hakupokea wageni wengi kwa pamoja. Aliyetaka kumwona alipewa siku na saa, naye aliingia peke yake. Hata watu waliokuwa ndani ya nyumba ile ile mara nyingi aliwaandikia vikaratasi badala ya kuzungumza, maana kuzungumza kulimchosha kuliko kuandika. Nguvu aliyoiokoa aliipeleka katika kazi. Kutoka kitandani alitoa mwaka 1858 taarifa ya kurasa zaidi ya 800 juu ya afya ya jeshi. Mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas, London, kwa fedha za mfuko uliochangwa kwa heshima yake, zipatazo pauni 45,000. Aliandika juu ya usafi wa miji na vijiji vya Bara Hindi, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga, na barua zaidi ya 10,000 za mkono wake ziko hata leo.

La pili, alitunza chumba chake. Kitabu chake cha uuguzi, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1859, ni kitabu cha mtu anayejua kulala kitandani. Anasisitiza kwamba hewa safi iingie. Kwamba kitanda kiwekwe mahali ambapo mgonjwa ataona dirisha na mwanga. Kwamba apate maua na rangi za kutazama, maana kutazama ukuta ule ule mchana kutwa ni mateso. Anasema kwamba mnyama mdogo wa kufugwa ni mwenzi mwema kwa aliyeugua muda mrefu, naye mwenyewe alifuga paka wengi. Kelele anazihesabu kuwa adui, hasa ile ya kumshtua mgonjwa usingizini, na ya watu kunong'ona mlangoni huku mgonjwa akisikia nusu ya maneno. Kwake usingizi na utulivu vilikuwa sehemu ya tiba yenyewe.

La tatu, alionya juu ya maneno ya faraja yasiyo na ukweli. Yumo ndani ya kitabu hicho yule mgeni anayemwambia mgonjwa kwamba hana kitu, kesho atakuwa mzima, na yule mwenye shauri jipya la dawa kila ajapo. Wapendwa, tumtazame mgeni huyo vizuri, huenda tukaona sura zetu. Mgonjwa hutamani kusikilizwa kwanza, kisha apewe habari njema za watu na kazi za nje.

La nne, hakujitenga na Meza ya Bwana. Padre Benjamin Jowett, msomi wa Oxford, akawa rafiki yake mkubwa, na kuanzia mwaka 1862 alikuja kumpa Ushirika Mtakatifu nyumbani. Hakuweza kulifuata Kanisa, Kanisa likamfuata.

Tusimfanye malaika, hata hivyo. Maumivu humfanya mtu kuwa mkali, naye alikuwa mkali. Waziri Herbert, rafiki yake yule, alikuwa akiumwa figo, lakini Bibi Nightingale alimsukuma aendelee na kazi ya kutengeneza jeshi, akamlaumu alipolegea. Herbert alifariki Agosti 1861. Mwanamke huyu aliyedai watu wayaamini maumivu yake hakuyaamini vya kutosha maumivu ya mwenzake, na majonzi yake yalikuwa makubwa. Tena alijitenga mno na jamaa, na miaka ya kulala kitandani ilikuwa mingi kuliko ambavyo daktari wa leo angeruhusu, kwa kuwa sasa inajulikana kwamba mwili usiotembezwa hudhoofika na maumivu huongezeka.

Hatimaye alipata nafuu. Kufikia miaka ya 1880 maumivu ya mgongo yalikuwa yamepungua, akaweza kutoka na kuwatembelea jamaa. Wale waliomjua wanasema ukali nao ulipungua, akawa bibi mpole, mwenye kuwaandikia wanafunzi wake wauguzi barua kama mama. Macho yalififia uzeeni. Mwaka 1907 Mfalme alimpa nishani kubwa ya Order of Merit, naye akawa mwanamke wa kwanza kuipata. Alifariki usingizini tarehe 13 Agosti 1910, mwenye miaka 90. Jamaa zake walitolewa nafasi ya kumzika Westminster Abbey pamoja na wakuu wa taifa, lakini kwa kuheshimu matakwa yake alizikwa katika kanisa la kijiji, East Wellow, karibu na wazazi wake.

Basi habari hizi zatuhusu nini?

Leo madaktari huyaita maumivu yanayopita miezi mitatu kuwa ni maumivu sugu, na huyatibu kwa namna tofauti na maumivu ya jeraha jipya. Dawa kali za ukoo wa afyuni, kama mofini na tramado, zina kazi yake. Baada ya upasuaji, au kwa mtu mwenye kansa, ni rehema, na mgonjwa wa namna hiyo asinyimwe kwa hofu wala kwa maneno ya jirani. Bali kwa mgongo na magoti ya miaka mingi, mara nyingi dawa hizo hupungua nguvu kadiri siku zinavyopita. Mwili huzizoea na kutaka zaidi. Huleta usingizi na kufunga choo, na zikichanganywa na pombe au dawa za usingizi zinaweza kuzuia pumzi hata mtu akafa. Aliyezitumia muda mrefu asiziache ghafla kwa ushujaa. Arudi kwa daktari apunguziwe kidogo kidogo. Nazo dawa za kawaida za kutuliza maumivu, zinazonunuliwa dukani bila kuuliza, zina nyingine zinazoweza kuumiza tumbo na figo zikimezwa kila siku.

Yako mengine ya kufanya, na mengi hayahitaji fedha. Kutembea kidogo kila siku, na kuongeza kidogo wiki hadi wiki. Kuigawa kazi: kulima matuta mawili na kupumzika kabla maumivu hayajaamuru, badala ya kumaliza shamba leo na kulala siku tatu. Kitambaa cha maji ya moto, usiunguze ngozi. Saa za kulala zisizobadilika. Mazoezi ya viungo chini ya mtaalamu, hospitali inapokuwa naye. Mtu wa kuzungumza naye bila kuhukumiwa. Hayo hayafuti maumivu yote, lakini humrudishia mtu siku yake. Na kama mgongo unaambatana na homa, kukonda, miguu kufa ganzi au mkojo kutoka bila kujijua, asikae nyumbani kujaribu lolote; aende hospitali upesi.

Tunasikia pia wakisemwa kwamba anayeumwa miaka mingi amepungukiwa imani. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na haukuondolewa. Nani atasema Paulo hakuwa na imani? Bibi Nightingale naye aliomba, akatibiwa, akalala na maumivu, akaamka akafanya kazi aliyoitiwa. Hatukuona mahali ambapo moja lilimzuia lingine.

Tarehe 13 Agosti Kanisa la Uingereza humkumbuka kila mwaka. Tungependa nasi tumkumbuke kwa njia ndogo. Kila mmoja wetu amtembelee mgonjwa mmoja wa siku nyingi. Asiende na dawa mfukoni wala hotuba mdomoni. Akae, amsikilize, aulize kama kitanda kingeweza kusogezwa karibu na dirisha, kama maziwa ya nyumbani yamechemshwa, na kama angependa Padre amletee Ushirika. Nawe unayesoma haya huku mgongo unakuuma na vidonge umevificha chini ya mto, tafadhali mwambie mtu mmoja kabla ya Jumapili.

Mungu awape nguvu wote wanaoumwa, na subira wote wanaowatunza. Amina.